Mutobe Unageuka Pombe Saa Ngapi?

Kuna jambo nimewauliza watu wengi, na kila mmoja ananijibu kama vile nimemuuliza njia ya Rulenge: huyu anaonyesha huku, yule anaonyesha kule, na wote wanasema ni karibu tu. Jambo lenyewe ni hili. Ukikamua ndizi mbivu, yale maji yake matamu, ambayo sisi huku Ngara tunayaita mutobe, mtoto anakunywa, mgonjwa anakunywa, mchungaji anakunywa na kushukuru. Uache mutobe huohuo hapo ulipo, usiuongezee kitu, na kesho ni pombe. Sasa kati ya leo na kesho ipo saa unayogeuka. Ni saa ngapi? Na kama pombe ni dhambi, kama kanisa letu linavyofundisha, basi dhambi nayo iliingia mtungini saa hiyohiyo. Nani aliifungulia mlango?

Msinione mjuaji. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu ya mbuzi wa baba, na kuandika huku nimejizoesha ukubwani kwa kunakili Zaburi. Mkono wangu unaandika kama kuku anayetafuta mchwa. Lakini maswali hayataki cheti.

Nianze na mtumbwi. Siyo wa ziwani, ni gogo lililochongwa katikati, la kukamulia ndizi. Unazika ndizi kali, zile za kukamua, shimoni na majani yake, unawasha moto kidogo pembeni ili joto liingie, siku zinapita, zinaiva. Unazimenya, unazimwaga mtumbwini, unazikanda pamoja na nyasi mpaka maji yatoke. Hapo ndipo njia zinapoachana. Anayetaka pombe anatia mtama uliokaangwa na kusagwa, anafunika, analala. Anayetaka mutobe anachuja na kunywa siku ileile. Kazi ni ya wanaume, na mwanaume wa kwetu Bukiriro asiyejua kukanda ndizi anatazamwa kama jogoo asiyewika.

Mimi nilikuwa na mtumbwi wangu, wa baba yangu, na kabla yake wa babu. Siku nilipookoka niliupasua kwa shoka mbele ya washirika, na akina mama wa kanisa wakapikia maharage kwa kuni zake. Yalikuwa matamu maharage yale, sitaki kusema uongo. Mke wangu ndiye aliyetangulia kuokoka, akaniombea muda mrefu, na wakati naupasua alikuwa akiimba. Kaka yangu mkubwa alisimama upande wa pili wa ua, akatikisa kichwa, akasema, "Umemchoma babu."

Kaka hajaokoka mpaka leo. Anasema Mungu anamjua, na akimhitaji anajua anapokaa.

Basi binti yetu wa mwisho akapata mchumba. Kijana ni Msukuma, wazazi wake walihama na ng'ombe zao kutoka Shinyanga wakaweka makazi upande wa Biharamulo. Kijana ameokoka, anapiga gitaa kwenye kwaya, na ndiko walikoonana, kwenye mkutano wa kwaya. Baba yake hajaokoka, ni mtu wa mizimu yake na ng'ombe zake, mtu mrefu, mkimya, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti. Matangazo ya ndoa yakaanza kusomwa kanisani. Yanasomwa Jumapili tatu. Mbili zikapita salama. Kabla ya ile ya tatu, ikapangwa siku ya baba wa kijana kuja na wazee wake tumalize habari ya ng'ombe na tuoneshane nyumba.

Hapo sasa. Kwetu mgeni wa namna hiyo hapokelewi kwa mdomo mkavu. Mtungi lazima uwe katikati, na mirija. Mzee wa ukoo hafungui neno kabla hajaona mtungi. Na kanisa letu limesema wazi: anayepika pombe, anayeuza, anayekunywa na anayeikaribishia wageni, wote wanatengwa. Aliyetengwa anakaa benchi la nyuma, haimbi na wenzake, hashiriki Meza ya Bwana, na nyumba yake haifungi ndoa kanisani mpaka arudishwe kundini. Kwa hiyo pombe ile ingetupatia mkwe mchana na kutunyang'anya harusi Jumapili.

"Nunueni soda," akasema binti yetu.

Kaka akamgeukia. "Soda? Mwanangu, mtu analetewa soda akilazwa hospitali. Baba mkwe wako anaumwa nini?"

"Baba mkubwa, mambo yamebadilika."

"Yamebadilika kwenu. Koo langu halijabadilika."

Mke wangu ndiye aliyepata njia. Akaenda kwa mzee wa kanisa wa mtaa wetu, mtu mwenye suti ya kahawia anayoivaa mvua na jua, akamuuliza habari ya mutobe. Mzee akafikiri, akasema mutobe ni tunda tu lililopondwa, hauna kosa, na yeye mwenyewe atakuja kuuombea. Tukafurahi sana. Mtungi utakuwepo, mirija itakuwepo, kaka atanyamaza, na kanisa litaridhika. Mimi nilijiona kama mtu aliyepita katikati ya nyuki wawili bila kuumwa.

Ila mtumbwi sikuwa nao, nilishaupasua. Nikaazima wa kaka.

Kaka akaniambia, "Chukua. Lakini huu haujui kutengeneza maji ya watoto. Umezoea kazi yake."

Tuliusugua kwa majivu na maji ya moto mpaka ukabadilika rangi. Nikakamua mimi mwenyewe jioni, siku moja kabla ya wageni, kwa sababu walisema wangeingia asubuhi na mapema. Mutobe ulikuwa mtamu, wote tulionja, hata binti. Tukaumwaga kwenye mitungi, tukafunika kwa majani ya mgomba, tukaiweka chumba cha stoo.

Siku yenyewe tunakaa tumevaa, jua linapanda, hakuna mtu. Simu inapigwa, haishiki. Huku kwetu simu nayo ina uraia wa nchi mbili, ukipanda kilima inakukaribisha Burundi. Baadaye kijana akapatikana: gari lao limeharibika porini baada ya Nyakahura, fundi amefuatwa, watalala kwa ndugu, watakuja kesho.

Kesho.

Kaka alipoambiwa aliangalia mlango wa stoo, halafu akaniangalia mimi, halafu akaanza kukuna goti.  Mimi sikufikiri sana, nilikuwa nawaza nyama ya mbuzi tuliyekwisha kumchinja.

Asubuhi ya pili mke wangu aliingia stoo peke yake. Nilikuwa uani nafagia. Akatoka anajifuta mikono kwenye kanga. Nikamuuliza, "Vipi mitungi?" Akasema, "Ipo." Nikaendelea kufagia. Mtu ukikaa na mwanamke miaka yote hiyo unadhani unajua maana ya kila neno lake.

Wageni wakafika. Tukawapokea, shikamoo na marahaba zikapita kama zinavyopita, wakakaa, mtungi ukaletwa. Mzee wa kanisa akasimama na suti yake, akaomba sala ndefu, akabariki ndizi, mvua, mgomba na mkono uliokamua. Halafu kwa kuwa ndiye aliyeomba, akapewa mrija wa kwanza.

Akavuta. Akatulia. Akavuta tena.

"Una ukali kidogo," akasema. "Mmetia limao?"

"Hapana mzee," nikasema.

"Ni mzuri. Ni mzuri kabisa." Akavuta mara nyingine.

Mrija ukafika kwa kaka. Kaka alivuta mvuto mmoja mrefu, macho yakamfunguka kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani kwenye msiba. Akaniinamia sikioni. "Ndugu yangu, babu amerudi."

Nikachukua mrija nami. Ulikuwa umegeuka, ndugu zangu. Bila mtama, bila mkono wa mtu, ulikuwa umegeuka.

Ningefanya nini? Baba wa kijana alikwisha kuvuta, mabega yake yanacheka. Akasema, "Mkwe, nilikotoka waliniambia, hao walokole watakupa maji ya kunawa. Kumbe waliniambia hivyo kwa wivu." Wazee wake wakapiga makofi. Maneno ya ng'ombe yakaenda kama mtelemko. Watu ambao wangebishana mpaka jua lizame wakakubaliana kabla nyama haijaiva vizuri. Mzee wa kanisa alianza kuimba pambio, akaliimba lote, akalirudia, na alipofika kwenye ubeti wa tatu akaomba watu wasimame. Walisimama, hata wale wa mizimu.

Habari ya namna hiyo haiwezi kukaa kilimani. Ilishuka yenyewe. Ijumaa ilikuwa imefika Mugoma, na Jumapili mchungaji alikuwa nayo.

Mchungaji wetu ni kijana. Ananiamkia shikamoo kabla hajanihukumu, jambo ambalo kwangu linakuwa gumu kidogo, kama kupimwa homa na mjukuu. Lakini ndiye aliyewekwa. Nimejifunza kwamba Mungu hakuniuliza umri wa mtu anayetaka nimtii. Baada ya ibada akaita baraza la wazee, mimi, mke wangu, na kaka kama shahidi ingawa si mshirika. Tukakaa kwenye mabenchi ya mbele. Tangazo la tatu la binti yetu alikuwa hajalisoma siku hiyo. Aliliweka ndani ya Biblia, ncha ya karatasi inaonekana, na binti alikuwa nje dirishani na wenzake wa kwaya.

"Mzee," akaniambia, "sema ilivyokuwa."

Nikasema yote. Ndizi zangu, mtumbwi wa kaka, majivu, maji ya moto, gari lililoharibika. Nikasema hatukutia mtama. Nikamwomba kaka aseme, kaka akasimama akasema, "Mchungaji, mimi pombe naijua. Hiyo haikupikwa. Ilijipika." Na nikauliza swali langu pale kwa mara ya kwanza: kama sikuipika, dhambi imeingia saa ngapi?

Wazee wakaangaliana. Mzee wa kanisa wa suti ya kahawia, ambaye alikuwa amekaa kimya akitazama viatu vyake, akapata nguvu. Akasema, "Naam. Mimi mwenyewe nilikunywa, nikaona ni mutobe uliochachuka kidogo tu. Kuchachuka si kupika. Hata maziwa yanachacha." Mwingine akasema kweli, hata uji unachacha. Kila mtu akakumbuka kitu kinachochacha. Mchungaji akatabasamu, nikaona uzito unamtoka, maana naye hakupenda kumtenga mzee wake wa kanisa wala kuzuia harusi. Akasema, "Basi, naona hapa hakuna aliyekusudia. Tangazo nitalisoma Jumapili ijayo. Tuinamishe vichwa."

Tukainamisha. Mimi nilikuwa nimefumba macho natafuta namna ya kumshukuru Mungu kwa gari bovu, nikasikia sauti ya mke wangu.

"Mchungaji, kabla ya ameni."

Nikafumbua macho. Alikuwa amesimama.

"Mimi nilijua," akasema. "Asubuhi ile niliingia stoo. Nilipofungua jani nikakuta povu, na mtungi unachemka wenyewe, unanong'ona kama watu wanaosengenya. Nikatia kidole. Kilipokaribia mdomo nikakizuia. Nikasema, nisipoonja sijui. Nikajifuta, nikafunika. Nilikuwa naogopa shemeji yangu kunicheka, na naogopa wageni kuondoka na midomo mikavu."

 Mzee wa kanisa akamgeukia, na sitasahau uso wake.

"Mama," akasema, "ni nani aliyekuuliza?"

"Hakuna, mzee."

"Basi ungekaa."

"Nilikaa juma zima," mke wangu akasema, akakaa.

Mchungaji alitazama ile ncha ya karatasi kwa muda. Halafu akaisukuma ndani ya Biblia isionekane tena. Hakuwa na njia nyingine, nikisema kweli. Sheria haimtengi mtu ambaye hakujua, na huyu amesimama akasema nilijua. Akatengwa. Benchi la nyuma, bila Meza ya Bwana, mpaka baraza liseme. Na tangazo la tatu likasimama, na harusi ikasimama, na sikio langu likasikia binti yangu analia dirishani.

 Tulipofika nyumbani binti akaanza. "Mama, kwa nini? Walikuwa wameshamaliza! Wangesema ameni!"

"Najua."

"Si ungemwambia Mungu peke yako, chumbani?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Akapepeta kwanza. "Akanyamaza," akasema. "Lakini nikaendelea kuusikia ule mtungi."

Binti akaingia ndani akafunga mlango. Mimi nilibaki, na nilitaka kukasirika. Niliitafuta hasira kama mtu anavyotafuta miwani. Nilichokuta badala yake ni mshangao. Mimi hoja yangu ilikuwa nzuri. Ilikuwa kweli. Sikuipika pombe ile, na mbele ya Mungu ningeweza kusimama nikasema hivyohivyo. Mke wangu naye hakuipika. Tofauti yetu ilikuwa kidole kimoja ambacho hakikufika mdomoni. Na mimi nilitaka kujua dhambi iliingia mtungini saa ngapi, yeye alikuwa akinieleza habari ya mahali pengine kabisa.

Nikaenda kuulizia. Ni tabia yangu, jambo likinisumbua nalitembeza. Jirani yangu Mkatoliki, mtu wa upande wa Rulenge, nilimkuta anakunywa pombe yake ya ndizi barazani kwa amani kabisa. Nikamuuliza. Akasema, "Kwetu dhambi inaanza pale unapoanguka njiani na mkeo akakufuata na taa." Nikamwambia kisa chote cha mke wangu. Akaweka kibuyu chini. "Huyo," akasema, "padri wetu angemtuma nyumbani na Salamu Maria chache. Lakini asingemsahau." Kaka nilimuuliza pia. Akasema dhambi ni kumpa mgeni soda. Mchungaji nikamfuata nyumbani kwake, anamwogesha mtoto kwenye beseni, nikamuuliza saa ngapi. Akacheka akiwa na povu mikononi. "Shikamoo mzee. Sijui saa. Ninajua tu kwamba mama alikuwa na nafasi ya kuonja."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa unafagia, mzee."

Niliporudi nikalifikiria hilo muda mrefu. Kumbe mtu anaweza kuokolewa na ufagio.

Lakini mashaka yetu makubwa yalikuwa Biharamulo. Ng'ombe wameshakubaliwa, ndugu wa upande ule wameshaambiwa siku, na sasa nani angekwenda kuwaambia harusi imesimama kwa sababu mama wa binti amejishitaki mwenyewe? Huko mtu akiahirisha wanajua kuna mchumba mwingine mwenye ng'ombe wengi zaidi. Binti alisema kama wakikataa kusubiri hatamlaumu mtu, akasema kwa namna ambayo nilijua atatulaumu mpaka tuzikwe. Nikaenda mimi na kaka.

Tulimkuta yule baba kwenye zizi, anaangalia kwato za ndama. Akatukaribisha, tukapewa vigoda, maziwa yakaletwa. Nikaeleza. Sikupunguza. Niliogopa nikipunguza mke wangu atakuja kuongezea.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huko stoo alikuwa na nani?"

"Peke yake."

"Nani alimwona?"

"Hakuna."

"Na mlikuwa mmeshashinda kesi."

"Tulikuwa tunaomba sala ya kufunga."

Akatazama ng'ombe zake kama anazihesabu, ila nadhani hakuzihesabu. Mke wake alikuwa nyuma yetu anasafisha vibuyu vya maziwa. Yule baba akasema, "Huyu wangu akimwaga maziwa, ni paka."

"Na wewe ukipoteza ndama," mke wake akajibu bila kugeuka, "ni fisi. Kila mwaka fisi. Hilo fisi mbona halinenepi?"

Kaka alicheka mpaka akamwaga maziwa yake, akasema, "Paka!" na sote tukacheka, hata yule mama.

Kicheko kilipokwisha, yule baba akawa na uso mwingine. Akasema, "Mimi dini yenu siijui. Kwetu neno baya likifichwa nyumbani, watoto wanaumwa, mpaka aliyeficha aseme. Lakini kwetu mganga ndiye anayelitafuta, na analipwa. Ninyi lenu linatoka lenyewe?"

"Siyo la wote," nikasema. "Langu huwa halitoki."

"Naelewa." Mabega yakacheka kidogo. "Ndugu zangu watanisumbua. Watasema nimefanywa mjinga na watu wa migombani. Lakini msichana aliyelelewa na mama huyo, nitamsubiri. Ila kijana wangu nitamwonya. Nitamwambia, mwanangu, umekwisha. Hutaficha kitu kwenye nyumba hiyo."

Tukarudi. Binti alitusubiri barabarani, akaangalia uso wa kaka kabla ya wangu, maana wa kaka haujui kuficha. Akamkumbatia baba yake mkubwa. Kwa mama yake alikwenda baadaye, akachukua ungo mikononi mwake akaanza kupepeta yeye. Sikusikia kama waliambiana kitu.

Miezi ile mke wangu alikaa benchi la nyuma. Pale kwetu wanaume wako kulia na wanawake kushoto, nami Jumapili moja nikasema nitakaa nyuma upande wangu ili tuwe sambamba. Nilikuwa sijakaa vizuri akanitazama kutoka ng'ambo, akanyoosha kidevu kuelekea mbele, kwa nafasi yangu. Nikajifanya sioni. Baada ya ibada akaniambia, "Usiniibie adhabu yangu." Jumapili iliyofuata nikarudi mbele. Nilimuuliza huko nyuma kukoje. Akasema, "Unaona visigino vya watu wote." Akafikiri. "Na unasikia mahubiri kwa mara ya kwanza, maana hakuna anayekutazama kama umeguswa." Nilitaka aendelee, hakuendelea. Yule mzee wa kanisa hakumsalimia muda wote huo, na hata leo salamu yake kwake ni ya mbali, kama mtu anayepita kwenye nyumba yenye mbwa. Sijui anamwogopa au anamdai. Yeye mwenyewe alisema hakujua, na huenda hakujua. Pambio tu ndilo linanitia shaka.

Baraza likamrudisha. Hakukuwa na sherehe, mchungaji alimshika mkono, akamwambia karibu mama, naye mke wangu akaenda kukaa na wenzake. Tangazo la tatu likasomwa siku ileile.

Harusi ikawa. Wanaume wa Kisukuma walijaza mabenchi ya kulia, mzee wa mizimu yuko mstari wa mbele na koti jipya, anatazama kila kitu kama mtu aliyekuja mnadani asiyetaka kuonekana anataka kununua. Binti akaingia. Sisemi alivyokuwa, baba wote wanasema hivyohivyo. Wakasimama mbele, yeye na kijana wake, mchungaji akafungua kitabu, akasoma, akafika pale panaposema kama kuna mtu yeyote anayejua sababu ya hawa wawili wasiunganishwe, aseme sasa.

Na kanisa zima likageuka kumtazama mke wangu.

Siyo kwa ubaya. Walifanya bila kujua, upande wa wanawake wote, na wanaume, na kwaya. Mchungaji naye aliinua macho kitabuni. Baba wa kijana aligeuka polepole, na mabega yake yalikuwa yametulia kabisa. Binti yangu peke yake hakugeuka, lakini niliona shela yake imeacha kutikisika, kama ameshika pumzi.

Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Akainua. Akatutazama, mmoja mmoja, na nikaona anajitafuta kweli, anaingia ndani kama anavyoingia stoo, anafungua kila jani, anaangalia. Alichukua muda wake. Mtoto mmoja alikohoa. Mimi nilikuwa naomba kwa maneno ambayo siyo ya Zaburi.

Halafu akatikisa kichwa kumwelekea mchungaji: hapana, hakuna.

"Endelea, mwanangu," akasema.

Mchungaji akashusha pumzi, akatafuta mstari wake kwa kidole, akaendelea.